Fedha za Mbio Zimfikishe Mtoto Hospitali

Kila mwaka mvua zikiisha na mavuno yakiwa ghalani, huanza majira ya mbio katika parokia zetu. Mara ni mbio za kuchangia bweni la wanafunzi, mara za kununua jenereta ya zahanati, na sasa katika parokia kadhaa zimetangazwa mbio za kuwachangia watoto wenye maradhi ya moyo. Vijana wa VIWAWA wanapita katika jumuiya ndogo ndogo na karatasi za ahadi, akina mama wa WAWATA wanapanga nani atapika uji, na mafundi wa fulana wanaulizwa bei.

Sisi wa ukurasa huu wa afya tumefurahi. Si jambo la kila siku kuona watu wazima wakiamka alfajiri kwa hiari yao, wakavaa raba na kutokwa jasho kwa ajili ya mtoto wasiyemjua. Lakini halmashauri ya walei ya parokia mojawapo imetuuliza swali, nasi tumeona tulijibu hapa ili wote wasome: fedha zikishapatikana, zipelekwe wapi? Wajumbe wengi walikuwa wamekwisha kukubaliana. Kiasi kiandikwe kwenye hundi kubwa ya ubao, ujumbe upande basi mpaka hospitali kubwa ya moyo, hundi ikabidhiwe mbele ya mpiga picha, kazi imekwisha. Wachache walinung'unika, ndipo tukaulizwa. Sisi tunaungana na hao wachache, na tutaeleza sababu.

Tusieleweke vibaya. Mbio za namna hii zimeokoa watoto wengi. Jijini Nairobi iko Hospitali ya Mater Misericordiae, iliyofunguliwa na Masista wa Mercy kutoka Ireland mwaka 1962. Tangu miaka ya 1990 hospitali hiyo imekuwa na mbio zake za moyo. Watu hununua fulana, hukimbia au hutembea, na fedha hulipia upasuaji wa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Hapa Tanzania, mwaka 2020 Benki ya CRDB ilianzisha mbio zake Dar es Salaam, na fedha zikapelekwa kusaidia upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, imetupunguzia sana safari za India. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi mtoto mwenye tundu kwenye moyo alivyosubiri jina lake litoke katika orodha ya kwenda nje, na jinsi wengine walivyosubiri bila jina kutoka.

Basi hospitali yenye jina, au benki yenye matawi nchi nzima, inaweza kukusanya fedha za kulipia operesheni nyingi. Parokia haiwezi. Operesheni ya kufungua kifua hugharimu mamilioni ya shilingi, na hundi yetu ikifika pale ni tone katika pipa. Lakini liko jambo jingine ambalo benki haiwezi kulifanya na parokia inaliweza. Ili tulielewe, lazima kwanza tueleze maradhi yenyewe.

Watoto wanaougua moyo katika nchi zetu wako katika makundi makubwa mawili. Kundi la kwanza ni wale wanaozaliwa na kasoro. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa hai, takriban mmoja ana kasoro fulani ya moyo. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kwa hiyo msomaji apige hesabu mwenyewe. Si wote wanaohitaji upasuaji. Vitundu vidogo vingine hujiziba vyenyewe mtoto anapokua. Lakini kiasi cha robo ya watoto hao wana kasoro nzito inayotaka matibabu kabla hawajatimiza mwaka mmoja.

Mama ndiye anayeona mapema kuliko daktari. Mtoto akishika titi hunyonya kidogo, huachia, hutweta, kisha hushika tena. Kichwa na paji la uso hulowa jasho wakati wa kunyonya kana kwamba anabeba mzigo. Uzito haupandi ingawa mama ana maziwa ya kutosha. Nimonia inatibiwa mwezi huu, mwezi ujao imerudi. Wengine midomo na ulimi hugeuka rangi ya buluu, hasa wanapolia. Kwa watoto weusi tusiangalie ngozi, tuangalie ulimi na ndani ya midomo.

Na yuko mtoto mmoja ambaye tunawaomba walimu wa chekechea na makatekista wamtazame kwa makini. Wenzake wanakimbizana uwanjani baada ya mafundisho ya Jumapili. Yeye anakimbia hatua chache, anasimama, kisha anachuchumaa na kukumbatia magoti yake mpaka pumzi irudi. Watu humwita mvivu au mtoto wa mama. Kumbe kuchuchumaa huko ndiyo dawa aliyojigundulia mwenyewe, maana akikaa hivyo damu nyingi zaidi hupita kwenye mapafu na kupata hewa. Mtoto wa miaka mitatu au minne anayechuchumaa hivyo mara kwa mara apelekwe hospitali bila kungoja tangazo la mbio wala la mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye jambo la muda, ambalo ndilo kiini cha maoni yetu.

Moyo una vyumba vinne. Upande wa kulia husukuma damu kwenda kwenye mapafu kuchukua hewa safi. Upande wa kushoto huisukuma mwilini kote, kwa nguvu kubwa zaidi. Penye tundu kubwa katikati ya vyumba viwili vya chini, damu ya upande wenye nguvu hupenya na kwenda tena kwenye mapafu. Mapafu yanapokea damu kupita kiasi, tena kwa msukumo mkali, na mishipa yake midogo hujikaza na kuwa minene ili kujikinga. Tundu likizibwa mapema, mishipa hiyo hulegea na mtoto hukua kama wenzake. Likiachwa, mara nyingi baada ya mwaka wa kwanza au wa pili, mishipa huanza kuharibika kabisa, wala hakuna dawa ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Hapo daktari hawezi tena kuziba tundu hata kama fedha ziko mezani, kwa sababu akiliziba moyo utashindwa kusukuma damu kwenye mapafu yaliyokwisha kukaza.

Kinachowadanganya wazazi ni kwamba katikati ya safari hiyo mtoto huonekana amepona. Mishipa ya mapafu ikikaza, damu inayofurika huko hupungua, kutweta kunapungua, nimonia zinapungua, na mtoto anaongezeka uzito kidogo. Nyumba nzima inashukuru. Kadi ya kliniki inawekwa chini ya godoro. Kumbe nafuu hiyo ni dalili kwamba mlango wa operesheni unafungwa.

Tuliwahi kutembelewa na mama mmoja kutoka kigango cha mbali, siku hiyo akiwa na binti yake wa miaka minne. Binti alikuwa mchangamfu, ila kucha zake zilikuwa zimevimba kama vijiko vilivyofunikwa, na ulimi wake ulikuwa na rangi ya zambarau. Mama alifungua mfuko wa nailoni akatoa karatasi ya rufaa iliyokunjwa mpaka maandishi yakafifia penye mikunjo. Karatasi hiyo aliandikiwa mtoto akiwa na miezi tisa. Daktari wa hospitali ya wilaya alikuwa amesikia sauti isiyo ya kawaida kifuani, akamwandikia aende kupimwa katika hospitali kubwa. Nauli haikuwapo. Baba aliuza mbuzi wawili, ukatokea msiba wa kaka yake, fedha zikaenda kwenye jeneza na chakula cha waombolezaji. Mwaka uliofuata mtoto alionekana ana nafuu. Mwaka wa tatu mama alikuwa mjamzito. Walipofika hospitali kubwa hatimaye, walipokewa vizuri, wakaambiwa gharama za operesheni zingeweza kupata mfadhili, lakini baada ya vipimo madaktari wakasema muda umepita.

Tunaomba wajumbe wa halmashauri zetu waisome habari hiyo mara ya pili. Operesheni ilikuwa na wa kuilipia. Kilichokosekana ni nauli ya basi, mahali pa kulala usiku mbili au tatu, na mtu wa kumwambia yule mama kwamba nafuu aliyoiona haikuwa nafuu.

Kwa sababu hiyo maoni yetu ni haya: fedha za mbio za parokia zisipelekwe kununua kipande cha operesheni. Zimsafirishe mtoto. Zilipe njia kutoka mlangoni kwa mama yake mpaka kwenye kitanda cha hospitali, na kurudi, na kwenda tena kliniki baada ya miezi mitatu. Hilo ndilo shimo ambalo wafadhili wakubwa hawalioni, kwa sababu mtoto anayetumbukia humo hafiki mbele yao akahesabiwa.

Njia hiyo ni ndefu kuliko tunavyodhani sisi tunaokaa karibu na lami. Mtoto hutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, halafu ya mkoa, halafu ya kanda kama Bugando kule Mwanza, ambayo ni ya Maaskofu wetu, na mara nyingine mpaka Dar es Salaam. Kipimo cha eko, ambacho huonyesha moyo ukipiga kwenye kioo kama televisheni, hakipo kila mahali, na kilipo pengine mtaalamu huja kwa siku maalumu. Mama akifika Jumanne akaambiwa mtaalamu yupo Alhamisi, hizo siku mbili atakula nini na kulala wapi? Akina mama wengi hurudi nyumbani hapo hapo. Hawasemi kitu, wanaondoka tu.

Tuchukue mfano wa hesabu, ili tusionekane tunahubiri bila namba. Tuseme wakimbiaji 150 wamelipa kila mmoja shilingi 15,000. Zimepatikana 2,250,000. Fulana moja ikigharimu 8,000, fulana zote ni 1,200,000. Hapo zaidi ya nusu imekwisha valiwa mgongoni. Ondoa 400,000 za vipaza sauti, maji, soda na mafuta ya gari la wagonjwa, zinabaki 650,000. Kiasi hicho hakianzi hata kugusa operesheni. Lakini kama mama mmoja na mtoto wake wanahitaji 150,000 kwa nauli, chakula na malazi, ni familia nne zimefika kupimwa. Na kama tungekubali kukimbia na fulana za mwaka juzi, au kila mtu na shati lake akibandika namba ya karatasi kifuani, zingekuwa familia kumi na mbili. Tunajua vijana hawatapenda kusikia habari hii ya fulana. Watusamehe. Hata sisi tunazo kabatini, ya jubilei, ya upadirisho, ya kongamano, nyingine hazijavaliwa mara mbili.

Wako watakaosema kwamba fedha za nauli zitaliwa, na kwamba hundi ya hospitali angalau ina risiti. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Tumewahi kuona mfuko wa wagonjwa ukigeuka mfuko wa kukopeshana, na mweka hazina akahama bila kuaga. Dawa yake ni kuandika. Daftari likae kwa watu wawili, tuseme sista wa zahanati na mjumbe mmoja wa WAWATA. Tiketi ya basi ibandikwe humo. Karatasi ya miadi ya hospitali ionyeshwe kabla fedha hazijatoka, na kadi ya kliniki baada ya mama kurudi. Kila baada ya miezi mitatu hesabu isomwe kanisani. Isomwe idadi ya watoto na fedha, majina yasisomwe.

Hapo kwenye majina tunasisitiza. Mahali pengine mtoto mgonjwa husimamishwa mbele ya wakimbiaji, kipaza sauti kikawekwa mdomoni mwa mama yake aeleze shida zake, watu wakalia wakatoa. Fedha hupatikana kweli, hatukatai. Lakini mtoto huyo ataishi kijijini hapo miaka mingi. Atakapofika umri wa kuoa au kuolewa, watu watamkumbuka kama yule wa moyo. Picha ya mtoto aliyevuliwa shati kuonyesha kovu isibandikwe ubaoni wala isitumwe kwenye simu. Anayetaka kusaidia asaidie bila kuoneshwa kidonda.

Tumesema makundi ni mawili. La pili linatuuma zaidi, kwa sababu watoto hawa walizaliwa na mioyo mizima.

Ugonjwa wao huanzia kooni. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaamka na homa, koo linauma ghafla, kumeza mate ni taabu, tezi za shingoni zimevimba, wala hana mafua au kikohozi. Mara nyingi wadudu wanaosababisha koo la namna hii ni bakteria waitwao streptokoka. Koo hupona hata bila dawa, na hapo ndipo tunapokosea. Kwa baadhi ya watoto, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili, iliyokuwa ikipigana na bakteria, huanza kushambulia viungo na moyo wenyewe. Goti linavimba na kuuma, likipoa linauma la pili, kisha kifundo, kisha kiwiko. Wengine mikono hucheza cheza bila wao kutaka, wakaangusha vikombe na kuandika vibaya shuleni, na mwalimu akawachapa. Huu ndio ugonjwa wa homa ya rumatiki. Bibi atasema mtoto anakua, mifupa inanyooka. Jirani atasema karogwa. Maumivu ya viungo yataondoka, lakini vilango vya moyo, vinavyofunguka na kufunga damu ipite upande mmoja tu, vitabaki na makovu. Kila homa ya rumatiki ikirudi, makovu yanaongezeka, hadi siku kilango hakifungi tena au hakifunguki.

Mtoto huyo akifika kwenye operesheni anaweza kuwekewa kilango cha chuma. Atapona, lakini atakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Akiwa msichana, siku atakayotaka kubeba mimba itakuwa siku ya wasiwasi kwa madaktari, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha kunaweza kumuua mama.

Basi yote hayo yangeweza kuzuiwa kwa sindano ya penisilini, dawa ambayo watu wameitumia tangu miaka ya 1940. Koo lenye bakteria hao likitibiwa ndani ya siku tisa tangu lianze kuuma, moyo husalimika. Sindano moja ya penisilini ya kukaa muda mrefu mwilini inatosha, au dawa ya kumeza kwa siku kumi kamili. Siku kumi, si siku tatu mtoto akishachangamka. Tunawasihi wazazi wasikimbilie kununua vidonge viwili viwili dukani kwa kila koo linalouma, kwani makoo mengi husababishwa na virusi wala hayahitaji dawa hiyo. Mpeleke mtoto zahanati aangaliwe, mganga ataamua. Na mtoto aliyekwisha kupata homa ya rumatiki lazima achomwe sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, angalau miaka kumi au mpaka afike umri wa miaka 21, na wengine zaidi ya hapo. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, nchi zikaombwa kuhakikisha dawa hiyo inapatikana. Azimio ni jema. Lakini sindano hiyo inauma sana, mtoto wa darasa la sita hujificha siku yake ikifika, na hakuna azimio litakalomtoa mvunguni. Atatolewa na shangazi au jirani anayeijua tarehe.

Hapa tena parokia inaweza kitu. Fedha kidogo za mbio zinaweza kununua sindano hizo pale zahanati inapoishiwa, na kumlipia mtoto boda boda ya kwenda kuchomwa. Jumuiya ndogo ndogo, ambayo hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, inafahamu nani hajaonekana. Hospitali kubwa ya mjini haiwezi kujua.

Je, hospitali kubwa zisipate chochote kutoka kwetu? Zipate. Mwaka ambao mbio zimeleta fedha nyingi kuliko safari za watoto tulionao, tuandike barua kwa ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali husika, tuulize ni mtoto gani wa jimbo letu amelazwa na kakwama wapi. Wale maofisa wa ustawi wanajua mengi, na wazazi wengi hawajui kwamba ofisi hiyo ipo wala kwamba asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha wa gharama. Mama akiambiwa kiasi cha kulipa asitoroke usiku. Aulize ilipo ofisi ya Ustawi.

Maneno machache kwa wakimbiaji wenyewe, maana huu ni ukurasa wa afya. Asiyezoea kukimbia aanze wiki sita kabla, kutembea haraka kwanza, kisha kukimbia na kutembea kwa zamu. Wenye umri wa zaidi ya miaka 40, wenye shinikizo la damu na wenye kisukari wapimwe zahanati kabla ya siku yenyewe. Wa kisukari abebe sukari au pipi mfukoni. Mwenye homa siku hiyo asikimbie, hata kama kalipa. Maji yawekwe kila baada ya kilomita mbili au tatu, na mbio zianze jua halijapanda. Anayeona kifua kinabana, maumivu yanakwenda begani au kwenye taya, au kizunguzungu, asimame hapo hapo na aite mtu. Msoma matangazo kila mwaka hutukumbusha habari za John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, wa mwisho kabisa, na taifa zima linamheshimu hata leo. Nasi tunamheshimu. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa mazoezi ya miaka, naye aliliwakilisha taifa. Katika mbio za parokia, mwenye goti bovu akae chini apewe uji.

Watoto wenye maradhi ya moyo wasikatazwe kuja uwanjani. Wengi wao, hasa waliokwisha kutibiwa, wanaruhusiwa kucheza na kutembea, ila daktari wao ndiye atakayesema kiasi. Wapewe kazi ya kugawa maji au kushika kamba ya kumalizia, pamoja na watoto wenzao, bila kutajwa ugonjwa wao.

Halmashauri iliyotuuliza itakutana kabla ya mwezi huu kwisha, na huenda ikaamua tofauti na tulivyoshauri. Ni haki yake. Lakini kabla hata shilingi moja haijachangwa, liko jambo linaloweza kufanyika Jumapili hii. Mzazi au mlezi yeyote aliyewahi kuandikiwa rufaa ya moyo kwa ajili ya mtoto, akaiweka kabatini kwa sababu ya nauli, au kwa sababu mtoto alionekana amepata nafuu, aitafute. Hata kama imechanika, hata kama tarehe imepita miaka miwili. Aje nayo baada ya Misa ya pili, amwone sista wa zahanati, na mtoto mwenyewe aje naye.